Gauni la Kompyuta

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya salamu za wapenzi, mwanamume mmoja mwenye sauti nzito ya kupendeza aliingia hewani na kuwaeleza wananchi ni kompyuta gani wasingeweza kuinunua wiki hiyo.

Kipaji alikuwa nacho, tusimnyime. Alisimulia habari za prosesa mpya kama mtu anayesimulia harusi ya wakubwa: nani kazaliwa, nani kampiku nani, nani kaja kavaa nini. Kadi ya picha ikitoka huko ng'ambo na feni zake tatu, kwa bei ya kuezekea nyumba, yeye ndiye aliyeipokea kwa niaba ya taifa zima. Aliisifu, akailinganisha na ya mwaka jana, kisha akawashauri wasikilizaji wasiharakishe kununua. Wasikilizaji walitii. Wengi wao walikuwa hawajaharakisha kununua tangu walipozaliwa.

Nusu ya pili ya kipindi ilikuwa ya vidokezo. Usizime kompyuta kwa kung'oa waya. Weka nakala ya kazi yako mahali pawili. Chai na kibodi visikae meza moja. Vilikuwa vidokezo vya kweli, alivyovisoma mwenyewe mtandaoni kwa jicho la makini, akavifupisha, akavipaka sauti. Kitu kimoja tu alikuwa hajawahi kukifanya, nacho ni kufungua kompyuta. Aliziheshimu mno. Alizitazama kwa nje, kama watu wanavyotazama benki. Wenzake kituoni walimwita Fundi Hewa, naye alilivaa jina lile kama nishani.

Nyumbani Fundi Hewa alikuwa na mke mmoja, mama mmoja na kompyuta moja, na kati ya hao wote aliyekuwa na afya mbaya ni kompyuta.

Mke wake alikuwa mpangaji wa kurasa za vitabu. Waandishi waliandika, wachoraji walichora, naye ndiye aliyekaa kwenye pembe ya sebule akahakikisha tembo hakanyagi maneno na maneno hayaingii kwenye sikio la tembo. Safari hii alipewa kitabu cha wanyama cha wanafunzi wanaoanza kusoma, cha kwanza katika mfululizo mrefu. Mhariri alimweleza kwa lugha ya kiungwana kabisa: faili la kuchapia lifike Jumamosi kabla ya adhuhuri, mtambo unasubiri, likifika, vitabu vyote vinavyofuata ni vyake, lisipofika, yuko mpangaji mwingine, tena anakaa jirani na ofisi. Wahariri wana upole wa aina hiyo.

Kurasa zilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuzitoa zote kwa pamoja, faili moja zito lenye picha zote, kazi ambayo kompyuta ilipaswa kuifanya peke yake mwanadamu akinywa maji. Na hapo ndipo penye mkasa. Kompyuta ilianza vizuri, ikafika nusu, ikapita nusu, ikafika asilimia sitini na kitu, kisha ikazima. Haikuaga. Haikulalamika. Ilizima kama mtu aliyekumbuka ana safari.

Basi sasa tumtaje mama.

Mama yake Fundi Hewa alikuja kutibiwa goti. Goti likapona, naye akabaki kulilinda lisije likarudi. Alikuwa mfumaji. Si mfumaji wa kupoteza muda, la. Alikuwa mfumaji wa kuteka nchi. Alianza na vitambaa vya viti, akavuka hadi televisheni, akaliteka friji bila upinzani. Mtungi wa gesi ulikuwa na sketi. Siku moja jirani alikuja kuazima ngazi, akasimama kidogo kupiga soga, na nusura aondoke amevishwa.

Pembe ya kazi ya mkwewe aliipenda kuliko zote, akaipa kilicho bora. Skrini ilipata shela ya kujifunika usiku. Printa ilipata kanga yake ya nyuzi. Kipanya kilipata kofia yenye vishada viwili. Na lile sanduku lenyewe la kompyuta, lililosimama juu ya kigoda kando ya meza, lilipata gauni. Gauni hasa, la kupimwa kwa futi, rangi ya maziwa, maua mbele, mkato nyuma wa kupitishia nyaya, na tundu la duara kifuani la kuingiza kidole cha kuwashia.

Hadi hapo hapakuwa na neno. Nyuzi zilizofumwa zina matundu, na kompyuta ilikuwa ikipumua humo ndani kama bibi harusi, kwa shida lakini kwa furaha.

Kisha Jumamosi moja Fundi Hewa akatangaza kwamba vumbi ndilo adui namba moja wa kompyuta. "Vumbi hupenya, wapenzi wasikilizaji," alisema, na sauti akaishusha, "hupenya hata kwenye tundu dogo kuliko yote." Akamaliza, akapiga wimbo, akaenda zake kunywa soda.

Nyumbani, mama aliyekuwa hakosi kipindi cha mwanawe alizima redio, akageuka, akalitazama gauni lake. Lilikuwa matundu matupu. Moyo ukamlipuka. Alitafuta koti kuukuu la marehemu mumewe, akalifumua, akatoa ile bitana nene ya kung'aa, akaishonea kwa ndani pande zote, mshono wa mara mbili, na ule mkato wa nyuma akaukaza kwa kamba kuzunguka nyaya na kuufunga fundo la kiume. Mwanawe aliporudi alikuta kazi imekwisha.

"Sasa vumbi litapitia wapi?" mama aliuliza, mikono kiunoni.

"Halina pa kupitia, mama," alisema Fundi Hewa. Na ni kweli, halikuwa na pa kupitia. Wala kitu kingine chochote.

Wiki ileile kompyuta ikaanza kuzimia.

*

Mke alijua. Aliingiza vidole chini ya pindo la gauni mara moja tu, akavitoa haraka kama aliyeshika sufuria. Usiku ule chumbani alimgeukia mumewe.

"Mume wangu, ile kompyuta ina homa."

"Itakuwa RAM," alisema Fundi Hewa, akitazama dari.

"Ina homa kwa sababu imevaa koti."

"RAM ikiwa ndogo, mashine huhangaika sana. Hasa kwenye picha."

"Mwambie mama alivue."

"Siku hizi kuna RAM nzuri sana zimetoka."

Msimwone mwoga bure. Alikuwa mwoga kwa sababu. Mwaka uliopita mke alikuwa amemwaga wino mezani, akanyakua kitambaa kilichokuwa karibu akafutia. Kilikuwa kitambaa cha mama, chenye tausi. Mama aliingia chumbani, akafunga mkoba wake, akaja kuukalia mlangoni, mgongo wima, kama abiria wa basi lisilokuja. Alikaa pale mpaka alipoangukiwa miguuni na mwanawe, na mkwewe, na yule jirani wa ngazi ambaye hakuwa na kosa lolote ila alikuwa amepita. Tangu siku hiyo mke aliishi humo ndani kama mtu aliyeachiwa kwa dhamana. Vitambaa alivizunguka kwa mbali.

Kwa hiyo Fundi Hewa alinunua RAM. Alilibeba sanduku hadi dukani likiwa limevuliwa, maana mama mwenyewe alilivua kwa ajili ya safari na kulikunja gauni kwa heshima. Muuzaji aliliwasha, akalipa kazi nzito, likakaa kwenye kaunta mchana kutwa bila hata kukohoa.

"Mzee, hii haina ugonjwa," alisema muuzaji.

"Wewe ongeza RAM."

"Haya, mteja ni mfalme."

Sanduku lilirudi nyumbani, likavalishwa, likakazwa kamba. Na kweli RAM mpya ilionyesha kazi yake. Zamani kompyuta ilichukua muda kufika kwenye ile asilimia ya kufia. Sasa ilifika upesi zaidi.

"Basi ni umeme," alisema Fundi Hewa, akanunua betri ya akiba, nzito kama jiwe la kusagia. Sasa mtaa mzima ukikatika umeme kompyuta ilibaki inawaka, ikazimika baadaye kwa hiari yake.

Halafu akaleta feni ya kusimama, akaielekeza kwenye gauni. Mama aliigeuza upande wa pili kwa mkono mmoja, bila kuacha kufuma kwa mwingine. "Unataka kuitia vichomi?"

Mke hakupiga kelele. Kuipeleka kazi kwenye kompyuta za watu alishajaribu. Programu yake haikuwamo, na mashine za vibanda vya intaneti zilipoliona lile faili ziligoma hata kabla ya kuanza. Ijumaa jioni kompyuta ilizima tena, kwenye sitini na nane. Aliinuka, akamfuata mumewe jikoni alikokuwa amejificha kwa kisingizio cha kuosha kikombe kimoja.

"Kesho saa nne naanza kuitoa kwa mara ya mwisho," alisema taratibu. "Ikizima, nampigia mhariri namwambia ampe yule jirani yake kazi. Vitabu vyote. Na akiniuliza kwa nini, sitasema RAM."

"Mke wangu, mbona..."

"Nisikilize. Kabla ya saa nne gauni liwe limevuliwa, na aliyelivua awe mwana wa aliyelifuma. Mimi silishiki. Kitambaa cha tausi mpaka leo nakiota."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Asubuhi, kwenye chai."

Kwenye chai mama alimmiminia kikombe, akamsogezea yai kubwa, akamtazama kwa macho ya mzazi aliyezaa redio. "Haya, leo utatufundisha nini?"

Fundi Hewa alimeza yai zima bila kulitafuna. "Leo ni... joto, mama. La kompyuta."

"Jambo zuri hilo. Nitasikiliza."

Naye akaona mzigo umepungua, kana kwamba kusema neno joto karibu na mama ni sawa na kumwambia. Mke alimdaka kwenye ngazi.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia hewani. Si umesikia atasikiliza? Atayasikia kama ushauri kwa watu wote, atajiongeza mwenyewe, hakuna wa kukosana na mwenzake."

"Unalala naye nyumba moja, ukuta mmoja, chumvi mnapokezana. Na unataka kumfikia kwa mnara?"

"Ni mbinu."

"Saa nne," alisema mke, akafunga mlango.

*

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa makasha ya mayai ukutani kuzuia mwangwi. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyekuwa akipitisha simu za wasikilizaji na kukata zile zenye matusi.

Fundi Hewa alianza na habari. Kampuni moja kubwa ilikuwa imetoa kompyuta ya mkononi nyembamba kiasi kwamba haina mahali pa kuchomeka chochote. Anayetaka kuchomeka anauziwa kifaa kingine cha kuchomekea. Akaipongeza. Kisha, saa nne ilipogonga, akakohoa, akavuta maikrofoni karibu na midomo, akaanza mbinu yake.

"Wapenzi wasikilizaji, leo tuzungumzie joto. Kompyuta ni kama sisi, huchemka ikifanya kazi. Ndiyo maana ina feni na matundu pembeni na nyuma. Matundu yakizibwa, joto linajaa ndani, na kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo, popote ulipo," na hapa aliweka huruma nyingi, "hata uwe mtu mwenye nia njema kabisa, usifunike kompyuta kwa nguo inapofanya kazi. Narudia. Kwa nguo yoyote."

Aliegemea kiti. Imekwisha. Alijiona amevuka mto bila kulowa.

Simu ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyetaka kujua kama anaweza kuifanyia kompyuta yake kazi ndani ya friji. Fundi Hewa alimkatalia kwa upole. Bwana akauliza, je, mlango ukiwa wazi? Fundi mitambo akamwokoa, akaashiria kwa kidole simu nyingine.

"Mpigaji, uko hewani."

"Hewani niko tangu asubuhi," ilisema sauti. "Mwanangu, hujambo?"

Nyuma ya kioo fundi mitambo aliketi vizuri, akasogeza kiti mbele.

"Sijambo, ma... msikilizaji."

"Msikilizaji nani? Mimi ni mama yako, nimeazima simu ya mkwe. Nimepiga kukuunga mkono. Kuna watu wana roho ngumu! Kitu kinafanya kazi, kinakutafutia riziki, wewe unakifunika nguo? Wasemee, mwanangu. Wasemee wasikie."

"Ahsante, mama. Kwa hiyo kama kuna mtu nyumbani kwake ana..."

"Wapo wengi! Wajinga hawaishi. Ya kwetu je, si ungewaeleza? Ingekuwa mfano."

Fundi Hewa alipangusa paji la uso. "Ya kwetu, mama, si... nayo imefunikwa kidogo?"

"Imefunikwa wapi? Ya kwetu imevaa."

"Eh?"

"Kufunikwa ni kufunikwa, kuvaa ni kuvaa. Wewe hapo ulipo umefunikwa?"

Fundi mitambo aliweka kichwa juu ya meza, mabega yakatikisika. Fundi Hewa alitupa jicho kwenye kitufe cha wimbo. Alikuwa nao tayari, wimbo mrefu kuliko yote kituoni, uliotungwa kwa ajili ya watangazaji wenye haja ya haraka. Kubonyeza tu, mama angekatwa kwa heshima, na mambo yangerudi kama yalivyokuwa.

Lakini simu ilikuwa imeshikwa sebuleni, karibu na pembe ile, na nyuma ya sauti ya mama ilisikika nyingine, ya kuvuma, kama nyuki aliyenasa kwenye chupa. Feni ya kompyuta. Ilikuwa ikipiga kelele ya mtu anayezama. Na nyuma yake zaidi, sauti ya mke, kavu, ya mtu anayesoma hukumu yake:

"Sitini na mbili."

"Halafu mwanangu," mama aliendelea, "kwa kuwa uko hapo, nina swali la kitaalamu. Kompyuta ya mkwe wangu inazimia. Ulimletea hiyo RAM, haikusaidia. Ukaleta betri, haikusaidia. Mtoto wa watu hali, halali, ana kazi yake ya kitabu. Sasa wewe unavyoona, inahitajika mpya?"

"Sitini na nne," ilisema sauti ya nyuma.

Mji mzima ulikuwa ukisubiri. Vinyozi walisimamisha mashine zao vichwani mwa watu. Na Fundi Hewa, aliyejua bei ya kila kifaa kilichotengenezwa duniani mwaka ule, alitafuta jibu moja la kulinunua hapo alipo, akakosa. Aliuona ule mkoba mlangoni. Aliuona mgongo wima. Kisha akamwona mke wake amekaa mbele ya skrini, mikono mapajani, hashiki kitu kwa sababu aliambiwa na dunia nzima kwamba hicho si chake kukishika.

"Mama," alisema, na ile sauti nzito ikamtoka, ikabaki ya nyumbani. "Ni gauni."

"Gauni la nani?"

"La kompyuta. Ile bitana ndiyo inayoizimisha. Joto halina pa kutokea. Uliitia kwa sababu mimi nilisema vumbi, nikasema nusu ya jambo, nusu nyingine nikaacha. Nilijua tangu dukani. Livue, mama. Livue sasa hivi, la sivyo mkweo anapoteza kazi yote."

Kimya.

Redioni kimya ni kosa kubwa. Fundi mitambo alinyanyua kidole juu ya kitufe chake cha wimbo, kama kanuni inavyotaka. Kisha akakirudisha mapajani. Kanuni ingesubiri, alitaka kusikia.

"Jana tulikula pamoja," mama alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na juzi."

"Ndiyo, mama."

"Na leo nimekupa yai."

"Ndiyo, mama."

"Sitini na saba!" Safari hii mke hakusoma, alipiga yowe.

"Shika simu," ilisikika sauti ya mama, na simu ikagonga meza. Kikafuata kishindo cha kigoda, pumzi, na kucha zinazokwaruza kamba. "Fundo hili nani kalifunga?"

"Ni wewe, mama," alisema mke.

"Nililifunga vizuri."

"Sana, mama."

"Mkasi! Lete mkasi!"

Na wananchi wote, kwenye magereji na saluni na jikoni, walisikia bitana nzuri ya koti la marehemu ikichanika kuanzia bega hadi pindo. Sauti ya nyuki kwenye chupa ikafunguka, ikawa upepo.

"Loo! Jamani!" mama alipaza sauti. "Hii ni tanuri! Lete ile feni. Igeuze huku! Huku, mwanangu, si kwangu, mimi sina kazi ya kutoa!"

"Sitini na nane," alisema mke. "Sitini na tisa."

Fundi Hewa aligundua ameshika nguzo ya maikrofoni kama mtu anayeng'ang'ania mlingoti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuwa na la kuongeza. Kipindi cha salamu za wapenzi kilipaswa kuanza, na mtangazaji wake alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, akinong'ona, "Themanini na ngapi?" Walisikiliza wote, wapenzi wakisubiri salamu zao, mpaka kule sebuleni mke akacheka kicheko kirefu chenye machozi, na nyuma ya kioo fundi mitambo akapiga makofi yasiyosikika.

Mama alirudi kwenye simu, akihema. "Halo. Bado uko hewani?"

"Niko, mama."

"Hukunijibu swali. Inahitajika mpya?"

"Hapana, mama."

"Ahsante, mtangazaji," alisema mama, akakata.

*

Fundi Hewa alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu njiani. Alipokunja kona aliona aliyoyaogopa: mama mlangoni, mgongo wima, amekalia mkoba.

Alipiga magoti palepale, suruali ya Jumamosi haikumhusu. "Mama, nisamehe. Usiondoke."

"Nani anaondoka?" mama aliuliza. "Mimi niende wapi na goti hili?"

Hapo ndipo alipoutazama mkoba. Haukuwa wa mama. Ulikuwa wake mwenyewe, ule wa semina, na shati lake la bluu lilikuwa likichungulia kwenye zipu.

"Gauni si neno," alisema mama. "Nguo inafumwa, nguo inafumuliwa. Ningeambiwa siku ileile ningelivua, tena ningecheka. Lakini mtu wa tumbo langu kunikwepa wiki nzima ndani ya nyumba, akamwacha mkewe aungue pamoja na mashine, halafu aje kuniambia mbele ya vinyozi? Huyo aende akaishi huko kwenye redio. Si ndiko anakojua kusema?"

"Mama..."

"Sauti yako ndiyo inanichosha. Una mikono?"

"Ninayo."

"Ingia ndani tuione."

Sebuleni mke alikuwa ameegemea kiti, miguu juu ya betri ya akiba, ambayo hatimaye ilikuwa imepata kazi. Faili lilifika kabla ya adhuhuri. Mhariri alijibu kwamba limepokelewa, kwamba tembo wamependeza, kwamba kitabu cha pili kinakuja Jumatatu, na kwamba ofisi nzima inamsalimia mama. Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa, uchi kabisa juu ya kigoda, nyeusi na ndogo kuliko mtu angedhani. Kando yake palikuwa na bisibisi, brashi laini ya rangi, na tochi mkononi mwa mama. Skrini ilikuwa imeachiwa shela yake, maana ilikuwa ya usiku tu. Kipanya kilikuwa na kofia. Mama alikuwa ameuliza kama kipanya hupata homa, mke akaapa kwamba hakipati.

"Vumbi ulilonitishia," alisema mama, "lipo. Nimelichungulia tunduni. Sasa wewe ndiye utakayelitoa, leo na kila mwezi. Fungua."

Fundi Hewa alitazama bisibisi. Alitazama sanduku. Alikuwa amefungua mashine maelfu kwa mdomo, na sasa skrubu nne zilimtoa jasho. Ubao wa pembeni ulipoachia aliruka nyuma kidogo, kama mtu aliyefungua kabati akakuta kuna mtu. Ndani, feni ilikuwa imevaa sufi ya kijivu, laini, nene, na mama aliitazama kwa jicho la fundi mwenzake.

"Kumbe nayo inafuma," alisema.

Fundi Hewa alipiga brashi taratibu, akapiga chafya, akapiga tena brashi. Alikuwa anaanza hata kupendezwa. Pembeni mke alichezea vishada vya kofia ya kipanya na kumtazama.

Mama alisogeza tochi karibu. "Hebu nionyeshe. Ile RAM uliyonunua, ni ipi?"

Fundi Hewa aliinama. Aliangalia muda mrefu, kwa makini, kama anayeangalia ramani ya nchi ambayo amekuwa akiihubiri miaka yote bila kufika. Akanyoosha kidole.

"Ile pale."

Mama alimgeukia mkwewe. Mkwe alitikisa kichwa.

"Si ile," alisema mama, na tochi haikutikisika. "Jaribu tena, mwanangu. Mkoba bado uko mlangoni."